Alamu ya gari: usimalizie hela yote kwenye boksi

(Haya ni maongezi niliyotoa kwenye kikao cha kikundi chetu cha wenye magari, Tabata, Dar es Salaam. Nimeyaandika kama nilivyoongea na maswali nimeyaacha humo humo.)

Mwenyekiti, katibu, mama mhazini, wazee wangu shikamooni, wengine wote habari za mchana. Itifaki imezingatiwa jamani, nikianza kutaja mmoja mmoja hapa pilau itapoa na lawama zitakuwa zangu.

Nimeambiwa niongelee alamu za magari, na sababu mnaijua, kila tukikaa hapa lazima mtu asimame aseme kaibiwa, huyu sait mira, yule kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, mwingine kaamka asubuhi kakuta gari iko juu ya matofali. Mimi ni fundi umeme wa magari, siuzi alamu, nafunga tu, na mara nyingi nafungua zilizofungwa na wengine, kwaiyo nitawaambia ninachokiona nikiwa nimelala chali chini ya dashibodi ya mtu na tochi mdomoni.

Jambo kubwa lenyewe nalisema mapema ili hata anayetaka kusinzia awe kashalipata: hela ya alamu igawe mara mbili, nusu ya boksi, yani alamu yenyewe, nusu ya kufunga, na ikipungua punguza kwenye boksi, usipunguze kwa fundi. Watu wanafanya kinyume. Anaenda Kariakoo anapambana na bei mpaka anapata alamu ya kifahari ina rimoti yenye kioo kama simu, alafu anarudi nayo mtaani anamtafuta kijana amfungie fasta kwa hela ya soda. Yule kijana nae ana njaa zake, anachomeka waya nne, anapiga tepu, rimoti inalia kwio kwio, mteja anafurahi anaondoka. Mwizi akija anaingiza mkono chini ya stelingi, anavuta kile kiboksi kwa nguvu mara moja, basi. Alamu ya laki na ushee inang'oka kwa sekunde tatu.

Sasa kabla hujaenda dukani jiulize unaogopa kuibiwa nini. Kwetu hapa mjini wizi ni wa aina mbili na dawa zake ni tofauti. Kuna anayetaka gari zima, na kuna anayetaka vipande vyake, na huyu wa vipande ndio anayetusumbua zaidi. Nawaambia ukweli, alamu haimzuii sana anayechukua kioo cha sait mira. Kile kioo kinachomolewa kwa vidole, taratibu, kwenye foleni mchana kweupe na wewe umo ndani unasikiliza taarabu. Dawa ya pale ni kuandika namba ya gari kwenye vioo kwa kuchora, na kupiga riveti, mchezo umeisha, na ni rahisi kuliko alamu. Kontroli boksi nayo ifungie kwa chuma, mwambie mchomeleaji akutengenezee kibanio, mwizi anataka kazi ya dakika mbili, akikuta inahitaji robo saa anaenda kwa jirani, Mungu anisamehe. Alamu inakuja kusaidia pale mlango unapofunguliwa, kioo kinapovunjwa, boneti inaponyanyuliwa, na gari inapotaka kuwashwa.

Na hili la kuwashwa ndio kubwa, nisikilizeni. Magari yetu mengi hapa, IST, Vitz ya zamani, Spacio, Raum, Noah, yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, na mengi ya miaka ile ya mwanzo wa 2000 hayana immobilaiza. Immobilaiza ni ile chipu ndogo ndani ya kichwa cha ufunguo, gari ikikosa kuisoma injini haiwaki hata uchongeshe ufunguo unaofanana vipi. Ulaya tangu Oktoba 1998 gari dogo jipya halitakiwi kuuzwa bila hiyo kitu. Sisi tunaletewa kilichopo. Ukitaka kujua kama yako inayo, zima gari, toa ufunguo, angalia kwenye dashibodi kama kuna kitaa kidogo chekundu kinapepesa chenye picha ya gari na ufunguo. Kama hakuna chochote kinachopepesa, na ufunguo wako ni wa chuma kitupu ambao hata fundi wa pale stendi anakuchongea nakala ukiwa unasubiri chai, basi ujue gari yako inamsubiri yeyote mwenye bisibisi.

Mkidhani ni shida ya maskini tu, Marekani huko Hyundai na Kia waliuza magari mengi ya kati ya 2011 na 2021 yasiyokuwa na immobilaiza, ya kuwasha kwa ufunguo wa kawaida. Vijana wakaanza kuonyeshana TikTok namna ya kuyaiba, mwaka 2022 ikawa balaa nchi nzima. Februari 2023 kampuni zikatoa programu mpya bure, ikaongeza king'ora kutoka sekunde 30 mpaka dakika moja, lakini la maana zaidi ikaifanya gari ikatae kuwaka bila ufunguo kuwa ndani ya swichi. Na unajua walikuwa wanagawa nini kingine? Vile vyuma vya kufungia stelingi. Kampuni kubwa duniani, inagawa bakora ya chuma kupitia polisi. Kwaiyo msione aibu kununua ile loki ya stelingi, ile nyekundu au ya njano, mwizi anaiona akiwa bado nje ya kioo na wengi wanaishia hapo hapo.

Somo la wale jamaa ni kwamba kelele peke yake haitoshi. Alamu isiyozuia gari kuwaka ni honi tu. Ukifika dukani swali la kwanza muulize muuzaji, hii ina waya wa kukata injini na rilei yake, ile swichi ya kukatia, ipo humu ndani ya boksi? Fungua uone kwa macho. Akikwambia bosi hii ina redio ina blututhi, wewe rudia swali lako.

La pili ni rimoti. Kuna rimoti zinatuma namba ile ile kila ukibonyeza, na kuna zinazobadilisha namba kila mara, kwenye boksi wanaandika "rolling code" au "code hopping". Chukua hii ya pili. Ile ya kwanza inanakiliwa na virimoti vya kukopi vya geti vinavyouzwa barabarani. Na mnaweza kupima wenyewe, omba kirimoti cha kukopi, kiwekeni uso kwa uso na rimoti ya alamu yako, kikijifunza na kikafungua gari, basi huna alamu. Ikigoma, uko pazuri. Hii teknolojia ya namba kubadilika, ile maarufu inayoitwa KeeLoq, kwao ni Afrika Kusini, walioibuni waliiuza kwa kampuni ya Microchip ya Marekani mwaka 1995, ikaingia kwenye alamu na mageti dunia nzima. Ni kweli wataalamu walishaonyesha 2008 kwamba inaweza kuvunjwa, lakini wale walikuwa na maabara, huyu wetu wa usiku ana bisibisi na sendozi.

La tatu ni sensa ya mtikisiko. Iwe kiboksi kidogo cha peke yake chenye waya, na kina kiskrubu cha kurekebisha ukali. Nyingine za bei ya chini sensa imegandishwa humo humo kwenye boksi kubwa na hairekebishiki, hizo achana nazo hata ukipewa bure, mtakosana na majirani. La nne iwe na waya wa boneti, na la tano, hili watu wanasahau, iwe ni ya aina ambayo rimoti yake ukipoteza unapata nyingine pale pale Kariakoo. Usinunue kitu cha peke yake mjini.

Mapambo sasa. Ile ya kuwasha injini kwa rimoti ukiwa ndani kwako unapiga mswaki, mimi siifungi kwenye gari ya gia za mkono, ukisahau imo kwenye gia inaondoka yenyewe inaenda kumgonga mtoto wa mtu. Na hii fasheni ya kuweka kitufe cha kuwashia kwenye gari ya ufunguo, mara nyingi ili ifanye kazi fundi anang'oa loki ya stelingi ya kiwandani au anaacha kipande cha ufunguo humo ndani milele. Yani umelipa hela ili upunguze ulinzi. Kama unataka kitufe nunua gari ya kitufe.

(Hapa mzee mmoja akauliza: fundi, mbona wangu kanifungia dakika ishirini tu na inafanya kazi?)

Mzee wangu, inafanya kazi leo. Tuongee sasa kuhusu kufunga, hapa nitakaa muda kidogo mnivumilie.

Boksi lenyewe, ule ubongo, halitakiwi kukaa chini ya stelingi karibu na fyuzi. Kila fundi analiweka pale kwa sababu waya zote ziko karibu, na kila mwizi anaanzia pale kwa sababu hiyo hiyo. Lipelekwe ndani, nyuma ya mita za dashibodi au katikati nyuma ya redio, waya zirefushwe, zifungwe pamoja na waya za kiwandani kwa tepu ile ile nyeusi ya kitambaa ili mtu akichungulia asijue ipi ni ipi. Hapo dashibodi inafunguliwa, klipu zinatoka moja moja usizivunje, hiyo ni nusu siku. Fundi anayekwambia dakika ishirini hajafungua dashibodi, hakuna muujiza.

Alafu viungo. Kuna mafundi wanamenya waya wanasokota wanapiga tepu. Sisi mji wetu ni joto na chumvi, ukikaa Kigamboni au Msasani ndio kabisa, gundi ya tepu inayeyuka inakuwa kama ulimbo, tepu inajifungua, shaba inaota kijani, na baada ya miezi kadhaa gari inaanza vituko, mara inawaka mara haiwaki, unabadilisha starta, unabadilisha betri, kumbe ni kiungo kimoja. Mwambie fundi alehemu kwa risasi na avishe ile mipira inayobana kwa joto. Kama hana hiyo mipira mnunulie wewe, ni vitu vya bei ndogo mno. Na fyuzi, ule waya mkubwa wa moto wa alamu lazima uwe na fyuzi yake karibu kabisa na pale unapochukulia umeme. Ukisuguana na chuma bila fyuzi hautaibiwa gari, utaiunguza.

Jambo jingine la kumwangalia fundi, kama anapima waya kwa testa ya balbu, kuchoma choma kila anachokiona, mwombe aweke chini achukue mita ya kupimia umeme. Na soketi za njano asiziguse kabisa, zile ni za eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali. Ikilipuka usoni haitaki samahani.

Sasa ile rilei ya kukata. Nendeni nami polepole, hata asiyejua umeme atanielewa. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme, ina miguu, na miguu ina namba, 30 ndio mlango wa kuingilia, alafu kuna 87 na 87a. Mguu wa 87a umeshikana na 30 rilei ikiwa imelala, haina umeme. Mguu wa 87 unashikana na 30 pale tu rilei inapoamshwa. Mafundi wengi wanafunga starta kupitia 87a, maana ndio rahisi, na alamu ikijifunga inaamsha rilei inakata njia. Nzuri, ila fikiria mwizi kang'oa boksi la alamu. Rilei inalala, 30 na 87a zinashikana, starta inapiga kama kawaida. Umeona? Ukifunga kwa 87 inakuwa kinyume, ubongo wa alamu lazima uwepo na uwe umeridhia ndio rilei iamke na starta ipige, aking'oa kila kitu gari inakufa hapo hapo. Sio kila alamu ina waya wa kutoa amri ya namna hiyo, angalieni kwenye karatasi ya mchoro, kama yako haina basi angalau rilei ifichwe mbali na boksi, isining'inie ubavuni kwake inasema njoo unitoe. Na iwe rilei ya ampea 30 au 40, hizi ndogo ndogo zinaungua midomo.

Kukata wapi? Starta au pampu ya mafuta. Kwa gari ya otomatiki starta inatosha vizuri, haisukumiki ikawaka. Kwa gia za mkono, Kirikuu kwa mfano, kile kigari kidogo cha mizigo, wanne wanaisukuma inawaka, kwaiyo hapo ongeza na swichi ya siri ya pampu. Uingereza ile taasisi yao ya Thatcham inayopima ulinzi wa magari kwa ajili ya bima, immobilaiza inayofungwa baadae lazima ikate angalau saketi mbili, kwaiyo sio mimi tu. Lakini, na hapa naongea kwa ukali kidogo, zipo alamu zina kipengele cha kuzima injini gari ikiwa inatembea, eti ukitekwa unabonyeza inazimika. Mimi sikiunganishi. Injini ikizima kwenye mwendo stelingi inakuwa ngumu, breki inapoteza usaidizi wake na inakuwa kama unakanyaga ukuta, na rimoti ikibonyezwa kwa bahati mbaya mfukoni uko Kimara na lori lipo nyuma yako, hiyo sio alamu tena. Kata kuwaka, usikate kutembea.

King'ora kiwekwe ndani ya boneti, mdomo uangalie chini ili maji yasijae, mbali na ekzosi, na mbali na mahali ambapo mkono unafika kwa kupita chini ya gari. Ukipata chenye betri yake ndani ongeza hela uchukue, kikikatwa waya bado kinalia. Na swichi ya boneti jamani! Alamu nyingi zinakuja nayo, kipini kidogo cha springi, alafu naikuta bado iko kwenye nailoni yake ndani ya droo ya gari. Fundi kaona uvivu kutoboa. Bila ile, mwizi ananyanyua boneti kimya kimya, anafungua kichwa cha betri, alamu yako imekufa bila hata kuaga.

Kabla hamjaondoka kwa fundi mfanyie mtihani pale pale. Funga gari, subiri, alafu mwambie mtu aliye ndani afungue mlango. Rudia kwa kila mlango na buti. Funga tena, mtu anyanyue boneti. Funga tena, mtu aliye ndani ajaribu kuwasha kwa ufunguo halali. Ikiwaka, hela yake bakisha.

Sensa sasa, na majirani. Mnajua kwanini gari ikilia usiku hapa mtaani hakuna anayeamka? Kwa sababu inalia kila siku. Lori la mchanga likipita inalia, paka akiruka juu ya boneti inalia, radi ikipiga mtaa mzima unaimba kwaya. Ukiegesha chini ya mkungu au mwembe msimu wake, kila tunda likidondoka juu ya bati la gari wewe na nyumba nzima macho. Siku mwizi akija kweli watu wanavuta shuka wanasema ni ile Noah ya fulani. Kile kiskrubu kinageuzwa kidogo kidogo, piga kioo cha dirisha kwa ngumi laini, ilie kidogo tu kama onyo. Piga kwa nguvu ndio ipige kelele yote. Ukisukuma gari kwa nyonga isilie. Sensa yenyewe ifungwe kwenye chuma cha bodi kwa skrubu, isibandikwe kwa tepu kwenye zulia. Rekebisha ukiwa umeegesha pale unapolalia gari, sio gereji, kwa sababu ardhi ya kwako na barabara ya kwako ndio zinazoitikisa.

(Mama mmoja akauliza kuhusu betri: tangu nifunge alamu, nikikaa siku mbili gari haiwaki.)

Mama, alamu iliyofungwa vizuri haili betri hivyo. Gari nzima ikiwa imelala na alamu imewaka isinywe zaidi ya miliampea 50 hivi. Tupige hesabu, betri yako ni ya ampea saa 45, gawa kwa 0.05 unapata saa 900, hiyo ni zaidi ya mwezi, na hata tukisema gari inagoma betri ikifika nusu bado una zaidi ya wiki mbili. Ila fundi akiunganisha vibaya, taa ya ndani ya buti ikabaki inawaka na rilei ikawa inakaa imeamka usiku kucha, unaweza kunywa nusu ampea. Hapo ndani ya saa 45 tu nusu ya betri imeisha, umeegesha Ijumaa mchana Jumapili asubuhi ya kwenda kanisani inatoa tik tik tik. Fundi mwenye mita anatoa kichwa cha negativu, anaweka mita katikati kwenye ampea 10, anakandamiza swichi ya boneti, mnasubiri gari ilale, mnasoma. Ikizidi anang'oa fyuzi moja moja mpaka mnamkamata. Na kwanza kabisa apime kama betri yenyewe ni nzima, ikiwa imejaa na imepumzika isome kama volti 12.6, kabla hatujaisingizia alamu.

Mambo ya kutumia sasa, haraka haraka. Ukibonyeza kufunga, usigeuke ukaondoka unaning'iniza rimoti begani. Sikia loki zikilia, ona taa zikipepesa, na shika kitasa. Kuna watu wanakaa maegesho wamebonyeza kirimoti cha masafa yale yale mfululizo, rimoti yako inazibwa, unadhani umefunga kumbe iko wazi. Afrika Kusini wanalia na huo wizi miaka mingi. Dawa yake haina gharama, ni mkono wako kwenye kitasa.

Rimoti ya pili iache nyumbani, usiitundike kwenye mnyororo mmoja na ya kwanza, sijawahi kuelewa wanaofanya hivyo. Ukipoteza moja, mwambie fundi afute zote kwenye kumbukumbu aingize upya iliyobaki, vinginevyo ile iliyopotea bado inafungua gari yako. Kuna pia kile kitufe kidogo cha dharura, cha kuzima alamu bila rimoti. Mwambie fundi akifiche lakini akuonyeshe, na akufundishe mpangilio wake, nyingi unawasha ufunguo alafu unabonyeza ndani ya sekunde chache. Fanya mazoezi mchana na gari iko nyumbani. Usisubiri betri ya rimoti ikuishie Chalinze saa nane usiku na abiria wanne wanakuangalia.

(Kijana wa nyuma: vipi kuhusu trakka? si bora niweke hiyo tu?)

Trakka ni nzuri lakini inafanya kazi nyingine, inakwambia gari imeenda wapi baada ya kuondoka. Inataka laini, inataka bando, na ukisahau kulipia inanyamaza. Kama hela ipo weka vyote. Kama ni kimoja, na gari unailaza nje, mimi ningeanza na kukata starta na loki ya stelingi, alamu ikifuata, trakka mwisho. Anayefanya kazi ya kukodisha gari kwa dereva mwingine, huyo aanze na trakka, maana mwizi wake hatoki usiku na bisibisi, mwizi wake anaondoka asubuhi na ufunguo halali.

(Kicheko. Alafu akauliza dada mmoja: mimi nina bima, kuna haja?)

Bima gani dada? Kama ni ile ndogo, ya kumlipa uliyemgonga, gari yako ikiibiwa hailipi hata mia. Kubwa inalipa wizi, na hata hiyo wanasoma masharti neno kwa neno. Kwahiyo angalia kwanza bima yako ni ipi.

Na aliyeniuliza kwa meseji kuhusu Kirikuu isiyokuwa na senta loki, ile ya kufunga milango yote kwa pamoja, inawezekana, zinawekwa mota ndogo ndani ya kila mlango. Ila kama hela ni ya kubana acha milango ufunge kwa ufunguo kama zamani, waya wa alamu unachukuliwa kwenye zile swichi za taa ya mlango, mlango ukifunguka inalia hivyo hivyo. Wenye Toyota zenye senta loki ya kiwandani msikubali kuuziwa mota mpya, alamu inaunganishwa kwenye waya za loki zilizopo, basi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wale waliosema wameshafungiwa na hawajui kama wamefungiwa vizuri, tusiongee tena kwa maneno. Nani ana funguo za ile IST ya silva? Isogeze hapa kivulini, na mtu mmoja aingie ndani akae, tunaanza na boneti.